Presha ya Damu, Presha ya Macho, na Dawa Zake

Kijiji cha Saadani kiko ufukweni mwa Bahari ya Hindi, kaskazini ya mlango wa Mto Wami, mkabala na kisiwa cha Unguja. Watu wa mbali hukijua kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 2005, ambamo wanyama wa porini huweza kuonekana hadi karibu na pwani. Watu wa karibu hukijua kwa kamba, na kwa mashamba ya chumvi. Maji ya bahari, ambayo kila lita yake hubeba takriban gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali, huingizwa katika vibwawa vipana visivyo na kina, yakaachwa yakaushwe na jua na upepo, hata chumvi ikabaki chini. Adhuhuri mng'ao wake huyachosha hata macho ya kijana.

Basi mkazi wa mahali kama hapo, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, akianza kuona ukungu, hakosi cha kulaumu. Liko jua, iko chumvi, uko moshi wa jikoni, uko na uzee. Na kama majuma machache kabla ya hapo alipimwa shinikizo la damu akapewa vidonge, aghalabu lawama huvielekea vidonge. Huviacha kimya kimya, bila kumwambia mganga aliyempa, na kwa kuwa shinikizo la damu halina maumivu, hajioni kuwa amepoteza kitu.

Je, dawa za shinikizo la damu huweza kuyadhuru macho? Naam, baadhi yake huweza, mara chache, na kwa njia ambazo sayansi imekwisha kuzieleza. Lakini ugonjwa wenyewe huyadhuru macho mara nyingi zaidi kuliko dawa zake, na dalili za pande hizi mbili hufanana. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi ya kuzitofautisha, kwa maana kosa la upande mmoja humpotezea mtu uoni wake, na kosa la upande wa pili huweza kumpotezea uhai.

Dirisha la kuonea mishipa

Mwaka 1851 mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo alichokibuni cha kutazamia ndani ya jicho. Tangu siku hizo waganga wamejua kwamba sehemu ya nyuma ya jicho, yaani retina, ndiyo mahali pekee mwilini ambapo mishipa midogo ya damu huonekana waziwazi bila kukata ngozi. Mtu mwenye shinikizo kubwa kwa miaka mingi huonyesha pale mishipa iliyosinyaa. Hali ikizidi, huonekana madoa ya damu iliyovuja na mabaka meupe ya retina iliyokosa damu. Na mwisho kabisa kichwa cha neva ya jicho huvimba.

Mwaka 1939 waganga watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliyagawa mabadiliko hayo katika makundi manne, wakawafuatilia wagonjwa wao. Katika kundi la kwanza, watu 70 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Katika kundi la nne walibaki 6 tu. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na dawa ya maana ya ugonjwa huu. Tarakimu hizo mbili zafaa kukumbukwa na yeyote anayefikiri kwamba vidonge vya shinikizo la damu ni anasa ya mjini.

Wala si ugonjwa wa mjini peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika sehemu ya Ilala, Dar es Salaam, na kijiji kimoja cha Wilaya ya Hai, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wenye shinikizo kubwa walikuwa wengi katika sehemu zote mbili, na kwamba chini ya mtu mmoja kati ya watano miongoni mwao alijua hali yake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta tatizo hilo kwa karibu robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Retina huharibika bila ya mwenyewe kujua. Ukungu unapoonekana, mara nyingi uharibifu umekwisha kusogea mbali. Ndiyo maana mtu aliyepimwa leo kwa mara ya kwanza, akapewa dawa leo, huanza kuona vibaya baada ya mwezi kwa sababu ya madhara ya miaka kumi iliyopita. Kidonge ni mgeni aliyeingia nyumbani siku ambayo kitu kimekwisha kuibiwa.

Neno moja, mambo mawili

Lugha yetu ya kila siku imetuletea utata hapa. Shinikizo kubwa la damu huitwa "presha". Ugonjwa wa glakoma, ambao ni wa jicho peke yake, huitwa "presha ya macho". Wengi basi hudhani kwamba ya pili ni ile ile ya kwanza iliyopanda hadi machoni. Mgonjwa aliyepewa dawa ya matone hufikiri kwamba sasa vidonge si vya lazima, na mwenye vidonge huona kwamba macho yake yamekwisha kutibiwa. Mawazo yote mawili si sahihi.

Presha ya damu ni nguvu ambayo damu huzisukumia kuta za mishipa. Presha ya macho ni nguvu ya majimaji safi yaliyomo sehemu ya mbele ya jicho. Majimaji haya hutengenezwa muda wote nyuma ya irisi (lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni), hupita katikati ya mboni, kisha hutoka nje ya jicho kupitia kichujio kilichopo kwenye pembe kati ya irisi na konea. Yakitengenezwa kwa kiasi kile kile yanachotoka, nguvu yake hubaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki hivi. Njia ya kutokea ikiziba, nguvu hupanda, na neva ya jicho hufa kidogo kidogo. Uoni wa pembeni huondoka kwanza. Mgonjwa huendelea kumwona anayezungumza naye, huku akijikwaa kwenye ndoo iliyoko kando.

Ugonjwa huu si wa kubahatisha katika nchi yetu. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2000, ulipata kwamba watu 4 hivi katika kila 100 walikuwa na glakoma. Wengi wa wenye umri huo ndio pia watu wa vidonge vya shinikizo la damu. Kwa hiyo presha hizo mbili, ingawa ni mbali mbali, hukutana mara kwa mara katika mtu mmoja, na hapo ndipo jambo la kuvutia linapoanza.

Neva ya jicho hulishwa na damu. Damu hiyo husukumwa kuingia kwa presha ya damu, na huzuiwa na presha ya macho. Kinachoifikia neva hutegemea tofauti ya nguvu hizo mbili. Wanafunzi waweza kuikadiria. Tuchukue mtu mwenye shinikizo la 120 kwa 80. Wastani hupatikana kwa kuchukua namba ya chini na kuiongeza theluthi ya tofauti: 80 na 13, jumla 93. Akiwa ameketi, jicho liko juu ya moyo, kwa hiyo damu hulifikia ikiwa imepungua nguvu. Hukadiriwa kuwa theluthi mbili ya wastani, yaani 62. Toa presha ya macho, tuseme 15, hubaki 47. Sasa tumchukue mtu wa pili, mwenye glakoma isiyotibiwa ya 27, ambaye kwa ajili ya dawa nyingi shinikizo lake limeshuka hadi 90 kwa 60. Wastani wake ni 70; theluthi mbili ni 47 hivi; tukitoa 27, hubaki 20. Neva yake hulishwa kwa chini ya nusu ya nguvu ya mtu wa kwanza, na hakuna mahali popote panapomuuma.

Nchini Barbados, ambako wakazi wengi wana asili ya Afrika, uchunguzi uliowafuatilia watu kwa miaka tisa ulionyesha kwamba wale ambao tofauti hii ilikuwa ndogo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma. Kadhalika, mwaka 1994 Sohan Singh Hayreh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza kwamba kushuka mno kwa shinikizo la damu usiku wa manane huenda kukachangia kuidhuru neva ya jicho, hasa kwa watu wanywao dawa zao jioni. Shinikizo hushuka usingizini kwa kawaida ya maumbile, na presha ya macho hupanda mtu alalapo. Dawa ikiongezwa juu ya hayo, neva yaweza kubaki na njaa. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya uzito wa jambo hili, na mwandishi huyu haoni sababu ya kumwogopesha kila anywaye kidonge usiku. Lakini mwenye glakoma anayo haki, na hata wajibu, wa kumwuliza mganga wake ni saa ngapi anywe dawa ya shinikizo la damu.

Bamvua na maji mafu

Wenye mashamba ya chumvi wanajua kwamba maji ya bamvua hufika mbali na maji mafu hayafiki. Tufikirie mfereji uliojengwa kwa miaka mingi ya bamvua tupu, kuta zake zimenenepeshwa, milango yake imefanywa myembamba ili maji yasifurike. Siku ambayo maji mafu yatakuja ghafla, kibwawa cha mwisho, kile kilicho mbali kabisa, ndicho kitakachokauka kwanza.

Mishipa ya mtu mwenye shinikizo kubwa la muda mrefu imefanyika hivyo. Imejizoeza kubana. Ikishushiwa shinikizo taratibu, kwa majuma na miezi, hujifunza upya. Ikishushiwa kwa saa moja, viungo vilivyo mwisho wa mfereji, yaani sehemu fulani za ubongo na kichwa cha neva ya jicho, hukosa damu. Mwaka 1979 Ledingham na Rajagopalan wa Oxford waliandika juu ya wagonjwa walioletwa na shinikizo la kutisha, wakashushiwa kwa haraka mno, nao wakapatwa na madhara ya ubongo, na wengine wakapoteza uoni. Kisha ilikuja desturi ya kutoboa kapsuli ya nifedipini na kuidondoshea chini ya ulimi ili shinikizo lishuke papo hapo. Desturi hiyo ilipendwa sana kwa kuwa matokeo yake huonekana kwenye kipimo mbele ya macho ya ndugu wa mgonjwa. Mwaka 1996 waganga walikusanya habari za watu waliopatwa na kiharusi na mishtuko ya moyo kwa sababu yake, wakataka iachwe.

Kwa matumizi ya kila siku nyumbani, jambo hili lina sura mbili. Anayeona giza kwa sekunde chache kila ainukapo kitandani huenda dawa yake imezidi, au hanywi maji ya kutosha katika joto la pwani, na hapana budi apimwe akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Na yule anayeacha dawa juma zima, kisha akameza vidonge vinne kwa mara moja ili "kufidia", anajiletea bamvua na maji mafu katika siku moja.

Dawa itoayo chumvi

Dawa za kwanza anazopewa mgonjwa wetu mara nyingi ni za kuongeza mkojo, za jamii ya thiazaidi: haidroklorothiazaidi au bendroflumethiazaidi, ambayo wengi huifupisha kuwa "bendro". Kazi yake ni kuzuia figo zisiirudishe chumvi mwilini. Chumvi hutoka na mkojo, maji huifuata, na baada ya muda mishipa hulegea. Inafurahisha kidogo kuona kwamba kule Saadani watu huyaondoa maji ili wapate chumvi, ilhali figo kwa msaada wa kidonge huondoa chumvi ili maji yafuate. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Anayeweka mara mbili yake katika mchuzi huku anakunywa bendro anaichosha dawa bure.

Katika watu wachache sana, thiazaidi huleta tukio la pekee katika jicho. Chini ya retina liko tabaka lenye mishipa mingi, liitwalo koroidi. Kwa sababu ambayo inaonekana kuwa ya asili ya mtu mwenyewe wala haihusiani na wingi wa dawa, tabaka hilo huvuja na kuvimba. Uvimbe huisukuma lenzi na irisi mbele. Matokeo ni mawili. La kwanza, lenzi ikisogea mbele miali ya mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na mtu aliyekuwa akiona mbali vizuri huwa haoni mbali tena. La pili, na baya zaidi, irisi hukandamizwa kwenye pembe ya kutolea majimaji, njia huziba, na presha ya macho hupanda kwa saa chache. Jicho huwa jekundu, huuma sana, kichwa hugonga, mgonjwa hutapika, na taa huonekana zimezungukwa na duara za rangi.

Tukio hili hutokea katika saa au majuma ya kwanza ya kuanza dawa, na mara nyingi katika macho yote mawili pamoja. Mtu aliyekunywa bendro kwa miaka saba bila shida, kisha akaanza kuona ukungu pole pole, hana sababu ya kuishuku kwa njia hii. Lakini yule aliyeanza juzi, na leo haoni ubao wa darasa au jahazi lililo mbali, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Dawa ikisimamishwa kwa amri ya mganga, na nyingine ikawekwa mahali pake, jicho kwa kawaida hurudi katika hali yake. Iko ajabu ndogo hapa ambayo waganga wa macho huitahadhari: asetazolamaidi, dawa ya miaka mingi ya kushusha presha ya macho, kemia yake ina undugu na ya thiazaidi, nayo imepata kuleta tukio hilo hilo.

Habari ya praktololi

Jamii nyingine ni ile ya vizuia-beta, ambayo kwetu hujulikana kwa majina ya atenololi na propranololi. Huupunguzia moyo mbio zake. Baadhi ya watumiaji huona macho makavu yenye kuwasha, kwa kuwa machozi hupungua. Ni kero tu, wala haifikii kuwa maradhi. Lakini jamii hii ina historia ambayo haifai kupitwa.

Mwaka 1970 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza kizuia-beta kiitwacho praktololi, kwa jina la Eraldin. Kilikuwa kimejaribiwa kwa wanyama kama kawaida, na hakikuonyesha dosari ya macho. Baada ya miaka kadhaa, waganga walianza kuwaona watumiaji wenye macho yaliyokauka kabisa, utando wa jicho umeota makovu, konea zimekuwa nyeupe. Na pamoja na hayo vipele vya ngozi. Mganga wa macho Peter Wright, wa Hospitali ya Moorfields mjini London, alieleza ugonjwa huo kwa ukamilifu mwaka 1975. Kabla ya hapo, mamlaka ya kukusanya habari za madhara ya dawa ilikuwa karibu haina ripoti juu ya macho, ingawa waganga walikuwa na kadi za kuandikia tangu mwaka 1964. Baada ya makala ya Wright kutoka, ripoti zilimiminika. Wagonjwa walikuwapo siku zote, ila kila mganga alimdhania wake kuwa peke yake. Vidonge hivyo viliondolewa katika matumizi ya kawaida, na wapo waliobaki vipofu.

Dhara lile lilikuwa la praktololi, halikuonekana kuwa la jamii nzima, na anayetumia atenololi leo hana sababu ya kuliogopa. Lakini jinsi lilivyogunduliwa yatuhusu. Katika Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa, na hata mgonjwa mwenyewe aweza kutoa habari. Mzee anayeacha vidonge kimya kimya huichukua taarifa yake akaenda nayo nyumbani.

Vizuia-beta vina upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba propranololi ya kumeza hushusha pia presha ya macho, na kutokana na ujuzi huo tukapata timololi, dawa ya matone ambayo tangu mwaka 1978 imetumika sana kwa glakoma. Mgonjwa wa macho basi hutia jichoni dawa ya jamii ile ile anayoimeza mwenzake kwa ajili ya moyo. Tone halibaki jichoni. Hupita katika kijia cha machozi hadi puani, likanyonywa na damu bila kupita kwanza kwenye ini. Kwa mwenye pumu tone moja laweza kubana kifua, na kwa anayemeza atenololi laweza kuupunguza moyo kupita kiasi. Dawa ni kumwambia mganga wa macho vidonge vyote unavyomeza, na baada ya kutia tone kufumba jicho na kubonyeza pembe yake ya puani kwa dakika mbili, ili kijia kizibwe.

Dawa zilizobaki zaweza kupitiwa upesi. Kaptoprili, enalaprili na ndugu zao huweza kuvimbisha kope, midomo na ulimi kwa ghafla, na watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi kuliko wengine. Uvimbe wa kope hauidhuru retina. Wa ulimi huziba pumzi, kwa hiyo ni jambo la kukimbilia hospitali. Amlodipini huvimbisha zaidi miguu. Doksazosini, na tamsulosini inayotolewa kwa wazee wenye tezi dume, hulegeza misuli ya irisi kiasi cha kumtatiza mpasuaji wa mtoto wa jicho, jambo lililoelezwa mwaka 2005. Mpasuaji akiambiwa mapema hujiandaa, asipoambiwa hupata taabu akiwa katikati ya kazi.

Mama mjamzito ni wa kutajwa peke yake. Hupewa mara nyingi methildopa, nayo huweza kumletea usingizi na uchovu. Akianza kuona nyota, miale au giza, pamoja na kichwa kuuma au maumivu juu ya tumbo, hiyo kwa kawaida si methildopa. Ni dalili ya kwamba kifafa cha mimba kimekaribia. Kumwachisha vidonge akapumzike nyumbani ni kumweka yeye na mtoto hatarini. Usafiri wa kumfikisha hospitali, hata kama barabara ya kwenda Bagamoyo au Chalinze ni mbaya siku hiyo, ndio unaotakiwa.

Tundu la sindano

Walimu wa fizikia wanaofundisha kamera ya tundu wanacho kipimo kizuri ambacho waganga wa macho hukitumia kila siku. Chukua karatasi ngumu, itoboe kwa sindano nene tundu la kama milimita moja. Andika ubaoni herufi za ukubwa mbalimbali, simama mita 6, fumba jicho moja, soma mpaka herufi ya mwisho unayoimudu. Kisha soma tena ukichungulia kwenye tundu.

Tundu huruhusu miali michache tu inayopita katikati ya lenzi, ambayo haihitaji kukunjwa sana. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni lenzi kutokusanya miali mahali panapotakiwa ataona vizuri zaidi kwa tundu. Humo wamo wahitaji wa miwani, wamo wenye sukari ya damu inayopanda na kushuka (na thiazaidi yaweza kuipandisha sukari kidogo), na yumo yule aliyeanza thiazaidi juzi na lenzi yake ikasukumwa mbele. Ambaye tundu halimsaidii, shida yake yaelekea kuwa kwenye konea yenye kovu, lenzi iliyokolea ukungu, retina, au neva. Na kama ana shinikizo la damu, retina yake ingojee kutazamwa na mganga mwenye chombo cha Helmholtz, awe wa hospitali ya wilaya au wa CCBRT, Muhimbili au KCMC.

Kila jicho lipimwe peke yake, na tarehe iandikwe pamoja na jina la kila dawa na siku ilipoanzwa. Macho mawili yakiwa wazi, lililo zima hulifichia aibu lililo bovu, na mtu huweza kuishi miaka bila kujua kwamba moja limekufa. Glakoma changa haionekani kwa kipimo hiki hata kidogo, kwa kuwa herufi husomwa kwa katikati ya retina, ambako ugonjwa huo hufika mwisho. Kwa hiyo mwenye miaka 40 na zaidi, na hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka nayo, apimwe presha ya macho kwa chombo chake, hata kama ameisoma herufi ndogo kuliko zote.